Zima Kwanza na Swichi ya Jikoni Kwake

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kitengo cha matengenezo, fundi mkuu wetu wa umeme anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Barua ya utumishi imemtaja kwa jina na cheo, lakini ukimuulizia kwa jina hilo kwenye nyumba za wafanyakazi utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia Zima Kwanza, na hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke.

Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuwahi kugusa swichi kabla hajasema "zima kwanza", kisha akazima meni swichi, akachomoa fyuzi na kuitia mfukoni mwa shati, asije akatokea mjuaji wa kurudisha umeme yeye akiwa ameshika waya. Ndipo alipopima kwa testa, ndipo alipofungua skrubu. Umeme haukumpiga yeye wala msaidizi wake yeyote. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kusahau kilichomo mfukoni. Jumamosi moja alimaliza kazi kwa meneja, akaaga, akaenda zake na fyuzi. Aliirudisha Jumapili alasiri, ameiweka kiganjani kama mtu anayerudisha yai la jirani, na meneja alicheka mpaka akasahau kukasirika.

Nyumba zetu ni za zamani, na zilikuja na zile swichi nyeusi za duara ambazo zikizeeka hupasuka, hupata moto na kunuka. Ziko nyumba mia mbili na kumi na mbili, na yeye ndiye aliyezibadilishia swichi moja baada ya nyingine. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kufunga kifuniko kipya, aliandika nyuma yake kwa penseli tarehe na neno kwa fundi atakayekuja baadaye. Mimi ni mtunza stoo, vifuniko vibovu hurudi kwangu, kwa hiyo nimesoma vingi. "Waya mfupi, usiuvute." "Bibi wa hapa haoni vizuri, swichi imeshushwa karibu na kitanda." "Watoto watano. Kaza sana."

Lakini waliosema mganga hajigangi hawakukosea. Jikoni kwake ilibaki ile ile nyeusi, kitufe kimevunjika, na mkewe, ambaye kitengo kizima tunamwita Shemeji, aliisukuma kwa mpini wa mwiko. Mwiko huo ulikuwa na msumari wake ukutani na haukuwahi kuonja ugali. Shemeji alikuwa akitutangazia kwamba mumewe amewasha taa za dunia nzima isipokuwa ya mkewe. Na si kwamba mzee alikuwa mvivu. Mara tano alichukua swichi stooni kwangu akisema leo ni zamu ya nyumbani, na mara tano alikutana njiani na mtu ambaye swichi yake inafuka moshi.

Miaka sita iliyopita mama mzazi wa Shemeji alipooza, na Shemeji akaenda kumuuguza mji wa mbali. Alisema ni miezi miwili. Miezi ikazaa miaka, mama hakupona na hana binti mwingine. Miaka minne iliyopita Zima Kwanza aliomba kustaafu mapema amfuate mkewe. Hapa sina budi kusema ukweli, hata kama jarida letu la wafanyakazi halijazoea mambo haya. Tulimzuia. Ofisi ilimwomba amalizie kwanza nyumba za mtaa wa chini. Zilipokwisha, ikamwomba za mtaa wa juu. Na aliyetumwa nyumbani kwake kumbembeleza, mara zote mbili, ni mimi.

Mara ya pili nilimkuta jioni peke yake. Alinikaribisha jikoni, akautoa mwiko msumarini, akawasha taa kwa mpini. Nilimcheka, nikamwambia kaka, Shemeji hayupo wa kukugombeza, si uibadilishe tu hiyo swichi? Alinimiminia chai, akasema taratibu, "Nikiibadilisha, huu mwiko nitaushika kwa sababu gani?" Nikadhani ni utani. Nilikunywa chai yangu na kurudi ofisini na habari njema kwamba mzee amekubali kubaki.

Mwezi huu nyumba ya mia mbili na kumi na moja ilikamilika. Akaja stoo akaomba swichi moja. Nilipouliza ya wapi, akajibu, "Kwangu." Safari hii hakusimama njiani na mtu. Alhamisi alikabidhi funguo na kupanda basi la asubuhi. Sherehe aliikataa kwa adabu, akaomba isimcheleweshe. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kuikagua nyumba kuliniangukia mimi. Jikoni nilikuta swichi nyeupe, mpya, imenyooka sawasawa, na msumari mtupu. Mwiko umeondoka naye. Nikafanya jambo lisilo la mtunza stoo. Nilizima kwanza, nikatia fyuzi mfukoni, nikafungua kifuniko na kukigeuza. Penseli ilikuwa bado mbichi: "Jikoni. Imebadilishwa. Mwenye jiko hayupo, namfuata."

Nilikirudisha kifuniko, nikakaza skrubu, nikafunga nyumba. Kaka, tumekukumbuka hata kabla ya Juni kwisha, na stoo imepoa. Kwa miaka thelathini na mmoja tunakushukuru. Kwa ile minne ya mwisho, ambayo haikuwa yetu, nakuomba radhi mimi, na radhi zaidi namwomba Shemeji. Muishi salama, wawili pamoja, kwa miaka mingi. Mwambie taa ya jikoni kwake sasa inawashwa kwa kidole kimoja. Itawaka nikirudi huko kesho, maana nimefika nyumbani na fyuzi ingali mfukoni mwangu.