Voula Hatzis: Miaka Thelathini na Moja ya Kuandika Maelezo

Ijumaa, tarehe 27 Februari 2026, Bi. Stavroula Hatzis, ambaye hapa Loxton, Australia, hakuna anayemwita vingine ila Voula, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuandika maelezo ya programu zetu za kugawa maji ya mto kwa wakulima.

Alianza mwaka 1995, miongozo ikiwa vitabu vizito vya kuchapwa. Hakuna aliyeisoma. Walinzi wa mifereji walimpigia simu tu. Yeye huuliza, “Umesoma ukurasa wa kumi na mbili?” Nao hujibu, “Ukurasa gani tena, Voula? Si wewe upo?” Alikuwa akinung'unika kwa sauti ili ofisi nzima isikie, kisha anavuta kiti na kuongea nusu saa, maji kwanza, wajukuu baadaye.

Miaka mitatu iliyopita tukaleta mawakala wa akili mnemba. Mkulima anaandika ujumbe, wakala anausoma, anachagua zana ya programu kwa kusoma maelezo yake, na kufanya kazi yenyewe. Simu ya Voula ikanyamaza. Tulidhani amefurahi kupumzika. Mimi niliyekaa meza ya pili niliona anavyoinyanyua mara kwa mara, kuhakikisha kwamba ni nzima.

Januari 2024, katikati ya kiangazi chetu, mkulima Jaspal Dhaliwal alikuwa mjini Adelaide, mkewe amelazwa kwa upasuaji. Aliandika kutoka hospitalini: “Funga ile oda ya mizabibu kwenye lango 118.” Alitaka kufuta oda moja tu ya maji. Wakala akakuta zana iitwayo “funga”, yenye maelezo mafupi: “Hufunga kwa namba.” Namba aliyokuwa nayo ni 118. Akafunga lango lenyewe, maji ya shamba zima yakakatika. Joto lilifika nyuzi arobaini na tano, siku mbili mfululizo. Jaspal aliporudi, safu arobaini za miche ya michungwa zilikuwa zimekauka.

Kwenye kikao mafundi walisema wakala ni mjinga. Voula alisubiri wamalize.

“Wakala amesoma tulichoandika,” alisema. “Hayo maneno ni yangu. Niliyaandika mafupi kwa sababu nilijua asiyeelewa atanipigia. Huyu hana pa kupiga.”

Mchana huohuo aliendesha gari mpaka shambani, nami nikamsindikiza. Alimwambia Jaspal wazi, “Kosa ni la mkono wangu.” Jaspal aliigeukia miche.

“Baba yangu alinisaidia kuipanda,” alisema. “Miezi miwili kabla hajafa.”

Baadaye Jaspal akavuta kiti. “Kaa, dada, unywe chai. Halafu uniambie safari hii utaandika nini.”

Alichoandika ndicho kilichomaliza miaka yake miwili ya mwisho. Zana mia mbili na kumi na mbili, moja baada ya nyingine. “Funga” ikagawanywa: “funga oda” na “funga lango”. Kila zana ikaeleza inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, namba inatoka wapi, na lipi likishafanyika halirudi nyuma. Alikuwa akimpa wakala mpya maandishi hayo peke yake, bila msaada mwingine, kisha anamtuma kazi mia moja za majaribio na kukaa kutazama anapokosea. Mara ya kwanza alikosea kumi na tisa. Voula hakumlaumu hata mara moja, alirudi kwenye sentensi zake. Majira ya baridi yalipokwisha, hakuna lango lililofungwa kimakosa, na halijafungwa hadi leo. Kwenye maelezo ya lango aliongeza mstari mmoja ambao mafundi waliuona si wa kitaalamu: “Kama hujui namba ni ya nini, usikisie. Muulize mwenye shamba.” Akagoma kuufuta.

Siku moja wakati wa chakula nilimkuta anasoma kumbukumbu za mawakala, karatasi kwa karatasi, kama mtu anayesoma barua za nyumbani.

“Maisha yangu yote nimetaka msomaji anayefika mwisho wa ukurasa,” aliniambia. “Nimempata. Anasoma kila neno. Ila hajui kama nina wajukuu.”

Kisha akacheka, akanimegea kipande cha pai yake ya spinachi.

Jaspal amepanda upya. Mwezi uliopita alikuja mwenyewe ofisini kumwonyesha picha za miche, na walikaa mpaka chai ikapoa.

Voula, wakulima hawataliona jina lako popote, lakini maji yanawafikia kwa sababu ulikuwa tayari kusema kosa ni lako. Asante. Tumezoea kukusikia ukisoma sentensi kwa sauti hadi ikae sawa, na tangu ulipoanza kufungasha vitu vyako, upande wako wa ofisi umekuwa kimya kuliko tunavyopenda.

Mwezi ujao unasafiri kwenda Kalamata, Ugiriki, kwa dada yako Evgenia, uliyemwacha bandarini ukiwa na miaka kumi na tisa. Afya njema ikufuate, na siku zako ziwe ndefu na tulivu. Evgenia amekusubiri miaka arobaini na sita. Sisi ndio kwanza tunaanza kukusubiri.