Orville Tengesdal na Askari Waliokuwa Wakimkimbia

“Ardith, huyu ni askari wa tatu unayeniibia mwaka huu!”

“Sijaiba mtu, Afande, wamekuja kwa miguu yao, na punguza sauti, hapa si kituoni kwako.”

Hivyo ndivyo marehemu Orville Tengesdal alivyokutana na mke wake, tarehe 4 Oktoba 1993, katika ofisi ya utumishi ya polisi wa mji jirani wa Norlund, na kwa kuwa mwenyewe alipenda kuanzia hapo kila alipojisimulia, familia nayo imeanzia hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, shambani kwa wazazi wake nje kidogo ya Elm Prairie, Minnesota, akasoma hapahapa hadi akamaliza sekondari mwaka 1964, akajiunga na polisi wa mji wetu mwaka 1969, na mwaka 1984 akawa mkuu wa kituo. Kufundisha askari alijua sana, kuwafanya wabaki hakujua, na mwaka ule wa ugomvi baraza la mji lilikuwa limemwambia kwamba nafasi tatu zisipojazwa kufikia Krismasi, kituo kitafungwa na ulinzi utakabidhiwa polisi wa kaunti.

Bi. Ardith, aliyekuwa akiajiri askari wa Norlund, alimmiminia kahawa, akamuuliza mwombaji kazi kwake husubiri jibu muda gani, marehemu akajibu miezi minne, naye akacheka hadi akafuta machozi, kwa kuwa Norlund mwombaji hupigiwa simu wiki hiyohiyo, na mke au mume wake hualikwa chakula cha mchana kituoni, aone mwenzake atafanya kazi na watu gani.

“Na zamu unazitangaza lini?”

“Ijumaa jioni, za Jumatatu.”

“Jamani, Orville! Hata mimi ningekukimbia.”

Aliondoka amenuna, akazunguka vituo vingine vya jirani akiuliza maswali yaleyale, akaiga kila zuri alilolikuta, akaongeza na pai ya tufaha kwenye chakula cha mchana, na kabla ya Krismasi nafasi zote zilijaa, mmoja akiwa askari aliyemtoa Norlund, ndipo akampigia Ardith simu kumtambia. Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1995, akapata pia binti wa kambo, Lorna, mtoto wa Ardith, ambaye ndiye mama yetu, na miaka yote wakaendelea kugombania waombaji, kila mmoja akinong'ona kwenye simu mwenzake akipita jikoni.

Alistaafu mwaka 2008, akaanza kuugua moyo mwaka 2021, akafariki nyumbani tarehe 14 Januari 2024. Siku zake za mwisho hakulalamikia moyo, alilalamikia habari kwamba Renee Lindquist, mkuu wa kituo wa sasa, ameahidiwa kazi na polisi wa jiji, akihofu kwamba Renee akiondoka, baraza litaanza tena maneno ya kufunga kituo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, na askari wote, waliobaki na waliohama. Tunamshukuru Renee, aliyemletea supu Jumamosi, siku moja kabla hajafariki, akakaa naye mchana kutwa, na alipofika mlangoni akageuka, akamwambia, “Pumzika bila wasiwasi, Afande. Wale wa jiji nimeshawaambia sitoki.”