Poda Yenye Sheria Haikutaja

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe na sisi benye tungali na pumzi!

Mimi ni Kambale, mununuzi wa kakao. Kazi yangu ilikuwa Oicha. Siku bashambuliaji baliingia ku mashamba nilipoteza muke wangu, na usingizi ukaenda naye. Nikakimbilia hapa Butembo, kwa dada yangu Masika. Ku hopitali bakanipa komprime za huzuni, za kumeza kila asubuhi. Zilikuwa zinanisaidia polepole, mais mimi nilikuwa na haraka.

Rafiki mumoja, shofere wa kamyo, akaniletea poda nyeupe ndani ya karatasi. Alisema inatengenezwa ku laboratware, na mwenye kuimeza anaona batu bake benye balikufa, moyo unatulia. Nikauliza kama haikatazwe. Akajibu kwamba sheria haikuitaja popote, donc iko dawa kama dawa ingine. Nilikuwa na hamu ya kumuona muke wangu, sikuuliza tena.

Jumapili, kiisha misa, nikaimeza. Muke wangu sikumuona. Niliona ukuta unapumua, kiisha mwili ukawaka, miguu ikatetemeka, moyo ukapiga mbio. Dada yangu akaita kikundi cha maombi. Bakanifunika mablanketi. Munatujua sisi batu ba milima: mwenye kutetemeka tunamufunika tu, hata kama anaungua. Maji bakaninyima, juu deliveranse, ile kazi ya kufukuza pepo, inafanywa na kufunga kukavu. Na bakamuuliza pepo jina lake. Bakauliza, bakauliza, pepo ananyamaza. Mimi nilikuwa nasikia yote, mais haya ya kusema juu ya poda ilinifunga mudomo.

Ndipo Mama Kavira, kiongozi wa kikundi, akaweka mukono ku paji langu, akautoa mbio kama mwenye kuungua. Akafunga Biblia.

"Tuache kuuliza pepo," akasema. "Kambale, mwanangu, wewe mwenyewe ulimeza nini?"

Nikamuambia yote. Akatupa yale mablanketi, akaninywesha maji, akaita motari wa pikipiki. Tukaenda hopitali, mimi katikati, yeye nyuma ananishika kiuno. Kule balinipoza, bakanitia serum ku mushipa.

Nilipopata akili, munganga alinieleza kwamba poda ile ni ya jamaa ya triptamini. Inagusa serotonine, kemikali ya bongo, na komprime zangu pia zinaigusa. Zikikutana, inaweza kuzidi, na joto la mwili linaweza kuua. Nikamuuliza na juu ya sheria. Alisema inchi zingine zimeikataza kwa jina. Mais batengenezaji banaigeuza kidogo tu, na sheria inabaki nyuma inatafuta jina la poda mupya. Kukosa kuandikwa ku sheria hakukufanya poda ikuwe salama.

Ndugu zangu, Mungu aliniponya, na aliniponya kwa swali. Tuendelee kuomba. Mais mutoto wako akitetemeka, umuulize yeye kwanza, bila hasira. Na wewe mwenye kulia peke yako, mutumainie Bwana, ukuje tukae pamoja.

Siku ile bote balikuwa bananiombea, nabashukuru. Jibu lilikuwa ku mudomo wangu, linangoja mutu aniulize mimi. Asante, Mama Kavira.