Skrubu ya Mkono wa Kushoto

Ijumaa tarehe 30 Mei, king'ora cha saa saba mchana kikilia, Ervin Lambright atatundika koleo lake baada ya miaka thelathini na mmoja kiwandani kwetu: kumi na mmoja kwenye mstari wa kuunda kuta za trela, ishirini katika idara ya matengenezo. Mhariri wa jarida hili ameniomba maneno machache ya furaha. Nitajaribu. Jina langu ni Roger Nusbaum, mkaguzi wa idara hiyohiyo, na kwa miaka ishirini nimekaa benchi moja na mtu huyu, nikila mayai yake yaliyolowekwa kwenye siki ya biti bila kukaribishwa.

Ervin ameshika maelfu ya trela za kuishi, zile nyumba ambazo watu huzifunga nyuma ya gari na kwenda kuona milima, na hajawahi kulala ndani ya hata moja. Kanisa lake haliruhusu waumini gari, husafiri kwa farasi, na farasi wake hana haja na milima. Huja kwa baiskeli, maili saba, mvua au theluji. Mwaka ule wa tufani kubwa ya theluji, sisi wenye magari ya magurudumu manne tulibaki vitandani. Yeye alifika, akakuta geti limefungwa, akabandika karatasi: "Nimekuja. Ninyi mko wapi?" Karatasi ile Dwayne Stutsman, meneja wetu, aliichana kwa aibu.

Mnamjua kwa mkono wake mrefu, unaopenya pasipopenya panya. Wageni wa idara hudhani alianzia huku. La. Alikuja kwa sababu ya trela moja, na habari yake sijawahi kuieleza ilivyokuwa. Leo naieleza.

Ilikuwa Machi, miaka ishirini iliyopita. Renata Kish aliivuta trela yake mpaka uani kwetu kwa gari la kuazima. Aliishi humo na binti zake wawili, kiangazi na baridi, kwenye uwanja wa kambi kando ya mto. Maji yalikuwa yakivuja mahali pasipoonekana, na sakafu ya chumba cha kulala ilikuwa imelainika hata mguu wa binti mdogo ukazama mpaka gotini. Mwenye uwanja alishamwambia wazi kwamba trela inayovuja isirudi kwake. Hakuwa na nyumba nyingine.

Sheria yetu ilikuwa fupi. Kosa likiwa la kiwanda, tunatengeneza. Mwenye trela akiacha maji yagande na kupasua mabomba wakati wa baridi, shauri lake, aivute aondoke. Mwamuzi ni mkaguzi. Siku hiyo niliandika "imeganda", nikatia saini, nikaenda kunywa kahawa.

Renata alinifuata na karatasi ile mkononi. "Oktoba nilitoa maji yote," akasema. "Mabomba niliyapuliza mwenyewe. Nionyeshe lililopasuka."

"Mama, karatasi imeshasainiwa."

"Sikuulizi karatasi. Nakuuliza bomba."

Ervin, wakati huo bado yuko kwenye mstari wa kuta, alikuwa akipita na kopo lake la chakula. Akasimama. "Roger, umetoa hita ya maji ukaangalia nyuma yake?"

"Nimeangalia," nikasema.

Alizunguka upande wa nje wa trela, akachuchumaa mbele ya hita. Gundi ya kiwandani ilikuwa bado imeizunguka pande zote, haijaguswa na kisu, na hita haitoki gundi isipokatwa. Aliiona. Nami niliona kwamba ameiona. Akaenda moja kwa moja kwa Dwayne kuomba mstari mzima usimamishwe dakika tatu, apate kusikiliza panapovuja.

Wasomaji wa jarida hili hamhitaji kuelezwa uzito wa ombi hilo. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri, idadi ya trela za siku ikitimia tunakwenda nyumbani, na anayesimamisha mstari anawalia watu mia mbili mchana wao. Mara ya mwisho ulisimama mtu alipojipiga kiganjani kwa bunduki ya kupigilia pini.

"Dakika tatu," Dwayne akamwambia. "Usiposikia kitu, kesho baki na ng'ombe wako."

Ervin alikuwa na watoto saba. Alitikisa kichwa kukubali.

Tulijaza mabomba ya trela hewa. Bunduki za pini zikanyamaza moja baada ya nyingine, misumeno ikafuata, na makelele ya wenzake yakapanda badala yake.

"Ervin, siku hizi unatibu mbao kwa sikio?"

"Mkeo Verna amekwambia usirudi mapema, eh?"

"Shamba langu jioni utanilimia wewe!"

"Nyamazeni!" Ni Renata huyo, kwa sauti iliyowaziba midomo wanaume wote wale.

Kukawa kimya. Ervin aliingia kwa magoti, kipande cha mpira wa maji ncha moja sikioni, akikipitisha ukutani shibiri kwa shibiri. Jikoni, hamna. Chini ya sinki, hamna. Dwayne alikuwa akihesabu kwa sauti. Binti mdogo alikuwa ameshika sketi ya mama yake kwa mikono miwili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba asisikie kitu.

Dakika ya pili ilikuwa imepita alipofika bafuni. Akasimama, akarudi nyuma kidogo, akainua kidole. Nyuma ya beseni la kuogea, katikati ya beseni na ukuta wa nje, hewa ilikuwa inatoka kwa sauti nyembamba, fyuuu, kama ya mtu anayelala.

Mstari ukaanza tena. Ervin akakata ile gundi, akaitoa hita, na nyuma yake pakabaki tundu la ukubwa wa mkate linalofika nyuma ya beseni. Akaingiza mkono, bega likaishia mlangoni mwa tundu, shavu limebanwa kwenye bati. Alipapasa kwa muda mrefu. Halafu uso wake ukabadilika, akaomba kioo kidogo na tochi.

"Ni skrubu," akasema. "Imetoboa bomba."

Mafundi wanajua balaa hili. Skrubu inapotoboa bomba hulitoboa na kuliziba papo hapo. Trela inapimwa, inafaulu, inauzwa. Barabara inaitikisa miaka miwili mitatu, kutu inaila, ndipo maji yanaanza kujipenyeza.

"Ya nani?" Dwayne akauliza.

"Yangu."

"Umejuaje?"

"Imelala kushoto. Pale kituoni anayetumia mkono wa kushoto ni mimi peke yangu." Kisha akamgeukia Renata. "Mama, nyumba yako niliitoboa mimi. Nisamehe."

Renata akachungulia tundu lile. Nadhani alikuwa bado haamini.

Kulikata bomba lile kwa mkono mmoja, gizani, kulichukua nusu saa. Vyombo vyetu vya kubana pete za kuunganishia mabomba havikuingia tunduni, ikabidi kiungio cha kusukuma kwa vidole. Alisukuma, tukatia hewa, ikavuja. Alijaribu kuutoa mkono, haukutoka. Ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Mtu mmoja akaleta msumeno akate ukuta, nao ndio ulioshikilia kitanda cha watoto. Ervin akasema, "Leta sabuni." Tulimmiminia sabuni ya vyombo begani, akauvuta mkono ukatoka na ngozi imechubuka, akaupumzisha kidogo, akaurudisha ndani. Safari hii tulisikia kiungio kikigonga: ta! Dwayne alikaa mbele ya kipimo cha hewa robo saa nzima. Sindano haikucheza.

Binti mdogo akapiga makofi. Dwayne yeye aliniangalia mimi. "Roger, hii hukuiona?"

Ervin alikuwa ameketi kwenye ngazi ya trela, damu inamdondoka kwenye vidole. Aliniangalia pia. Hakuwa na hasira, alikuwa anasubiri. Mtu aliyekuwa ametoka kusema "yangu" mbele ya kiwanda kizima alikuwa ananipa nafasi niseme yangu.

"Niliangalia," nikasema. "Haikuonekana."

Akainamisha kichwa, akaenda kunawa.

Sakafu tuliibadilisha wiki ileile, na Renata akarudi mtoni na wanawe. Ervin akaomba ahamie matengenezo. Alimwambia Dwayne kwamba skrubu zake nyingine ziko barabarani, bora azifuate. Hajafukuzwa, hajapandishwa cheo, na amefundisha mafundi kumi na wanne, ambao wote sasa wanajua kutumia sabuni.

Kwangu alikuwa na desturi moja. Kila alipomaliza trela, kabla sijashika kalamu, alinitia tochi mkononi: "Angalia na wewe." Miaka ishirini, kila trela. Mara nyingine nilimtukana, nikamwambia magoti yangu yameoza. Alingoja tu. Tangu siku ile sijasaini kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu, na uongo wangu ule hajawahi kuutaja, kwangu wala kwa mtu mwingine.

Kwa niaba ya idara nzima, asante Ervin kwa mkono wako, kwa ukaidi wako na kwa yale mayai. Tunakuombea magoti yenye nafuu, mahindi yanayostawi, na Verna asichoke kukuona nyumbani mchana.

Renata Kish amealikwa, na Ijumaa atakuwa meza ya mbele. Faili lake hadi juzi lilisomeka kwamba aliacha maji yagande, maana kulisahihisha kungehitaji saini yangu. Jana nimelisahihisha. Renata, uliniuliza bomba nikakujibu karatasi. Sikuangalia. Hata ile hita sikuigusa. Nisamehe.

Na wewe Ervin, sasa nimesema. Nenda ukapumzike, ndugu yangu, maisha yaliyobaki yawe mepesi kwako. Asante kwa kuningoja.