Theodora wa Shelui, Aliyepungua ili Apone

Wachungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Shelui, familia inawasomea maisha ya marehemu Theodora Samweli Mughwai, na inayasoma bila kuruka mahali, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mambo ya kufunikwafunikwa.

Alizaliwa Ihanja tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Samweli Mughwai, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akapata kazi ya upishi katika shule ya bweni huko Kiomboi, ambako mwalimu kijana aitwaye Laurenti alianza kuyasifia maharage ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuyasifia. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, Raymond, Eliana na Belinda.

Mwaka 1987, biashara zilipofunguliwa na malori yakawa yanapishana hapa barabarani, huku mshahara wa mwalimu haufiki popote, Theodora alifungua hoteli karibu na maegesho. Madereva wa siku zile hawakula chakula cha ugenini mpaka mpishi aonje mbele yao, wajue hakuna kilichotiwa, naye alionja kwa moyo mkunjufu, tonge la wali wa mafuta meza hii, mnofu wa kukaanga meza ile, na dereva akimnunulia soda ilikuwa dharau kuikataa. Alinenepa, watu wakasema biashara imemkubali, naye akaamini.

Septemba 1995, uchovu na maumivu chini ya mbavu za kulia vilimpeleka hospitali ya rufaa, ambako kipimo cha utrasaundi kilionyesha kwamba ini lake limejaa mafuta. Kwanza alikasirika, maana magonjwa ya ini aliyajua kuwa ya walevi, na yeye pombe hakuigusa. Daktari alimweleza taratibu kwamba ugonjwa huo humpata hata asiyekunywa, sukari na unene vikizidi, kwamba ini likiachwa linaweza kukakamaa lisirudi, lakini la kwake bado linarudi, na kwamba tiba yake haiuzwi dukani: aache soda, apunguze wanga na vya kukaanga, atembee kila siku, mwili upungue polepole. Theodora, akimfikiria Belinda aliyekuwa darasa la pili, aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli linarudi, akajibiwa ndiyo, akainuka.

Vita ilianzia hapo. Alishika mlenda, dengu na ugali kidogo, alfajiri akatembea mpaka jua lichomoze, na mbele ya madereva akawa anaonja kwa ncha ya kijiko, akiteremshia maji. Wao walinung'unika, na nguo zilipoanza kumpwaya wakanong'ona neno ambalo miaka ile lilitosha kumzika mtu akiwa hai, kwamba mama wa hoteli ana ngoma. Malori yakahamia hoteli ya ng'ambo. Tulikuwa tumewaona wengi wakiisha kwa UKIMWI, hata tukasahau kwamba mtu anaweza kupungua kwa sababu nyingine.

Wifi yake Dina alikuja kutoka Kiomboi na samli na maneno makali, akitaka anenepe haraka aokoe jina la ukoo, ndipo Mwalimu Laurenti, mtu asiyependa kubishana na dada yake, alipomwambia mbele ya wote, “Huyu mnayemwona anaisha, ndiyo anapona.” Theodora aliipokea samli, akashukuru, akawapikia wageni.

Alilia, hilo tusilifiche, ila kwenye soda hakurudi. Na Eliana alipotaka kwenda kuwatangazia madereva kwamba mama yake hana UKIMWI, alimzuia. “Usiseme hivyo kwenye meza zangu,” alimwambia. “Wapo wanaokula hapa walio nao. Wao wakale wapi?”

Novemba 1997 alipimwa tena, daktari akaitazama picha ya ini, akamwambia mafuta yameondoka na ini limerudi uzima. Hakumzungushia mtu picha ile, alifungua hoteli kama kawaida, na wateja wakarudi mmoja mmoja, walipochoka kumsubiri afe.

Tarehe 3 Juni 2004 alilazwa Kiomboi kwa homa kali ya mapafu, akafariki alfajiri ya tarehe 9, akiwa na miaka arobaini na minane, na ini lake halikuhusika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu waliofundisha na Laurenti, madereva mlioegesha leo, na Dina, aliyemuuguza wifi yake bila kuondoka kando ya kitanda chake.

Tangu juzi wengine wenu mmetuuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa na nini hasa. Tumewajibu, kwa kuwa hatuna la kuficha, lakini kesho hoteli yake inafunguliwa, na atakayekuja amepungua atapewa kiti na chakula kabla ya kuulizwa chochote. Mama Raymond, umechoka kihalali, pumzika.