Kifundo cha Saba

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi Dosym, mdogo wa marehemu, mpiga viola, ile fidla kubwa kidogo, kazi ambayo marehemu alisema hupewa walioshindwa na fidla.

Dada yetu Kamshat Zharylgapova alizaliwa tarehe 12 Machi 1956, malishoni karibu na Karkaraly, kifungua mimba wa mchunga farasi Zharylgap, ambaye dombra yake ya nyuzi mbili ilifungwa shingoni vifundo vya utumbo wa kondoo, na kile cha saba alikirudisha nyuma kidogo, kwenye sauti ambayo piano haina, kwani hapo, alisema, ndipo farasi jike humwita mwanawe aliyepotea.

Alisoma Karkaraly, 1963 hadi 1973, kisha Almaty, akahitimu upigaji wa selo, fidla kubwa ya kupigwa umeketi, mwaka 1978, akafundisha miaka thelathini na minane, huku akizipanga nyimbo za dombra kwa fidla mbili, viola na selo, arobaini na moja kwa jumla, na arobaini zilimridhisha.

Wimbo uliobaki ni wa baba, aliyetutoka mwaka 1984, na kikwazo nilikuwa mimi, maana sauti ya kifundo cha saba dada aliipa viola, nami niliyesifiwa Vienna, Oslo na Lyon kwa usafi wa sauti, kila nikifika pale kidole hupanda chenyewe hadi sauti ya piano, naye dada husimamisha upinde, “Wewe Dosym, umemsahihisha baba tena! Masikio yameshiba jibini la ugenini hayo,” anacheka, kisha hacheki.

Aliolewa na Marden tarehe 2 Juni 1981, fundi mabomba asiyetofautisha viola na fidla hadi leo, ndiyo siri ya amani yao, wakajaliwa Torgyn na Sanzhar.

Februari 2023 alipatikana na saratani ya kongosho, na wiki moja kabla ya kutuacha aliniomba nimpigie ule wimbo, nikaukosea palepale, akanyoosha mkono, akakirudisha kidole changu nyuma upana wa unywele, akakishikilia, sauti ikatoka, na baba akawa nasi chumbani.

Alifariki nyumbani, Almaty, tarehe 9 Oktoba 2023, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliokaanga maandazi ya baursaki tangu alfajiri, na wenzake wa kazi, ambao wawili wao wataupiga nami wimbo wa baba sasa hivi, selo yake ikiwa kitini.

Pumzika kwa amani, dada, kidole kipo ulipokiacha.