Zimeni Kabla ya Mchanga

Sikilizeni wanangu, na wewe mkwe wangu uliyeegemea mlango, ingia ukae, maana na wewe umo. Daktari amesema nisiongee sana, na mama yenu amefurahi kupata mtu wa kumuunga mkono baada ya miaka yote hii, lakini leo mtanivumilia. Kaka yenu mkubwa nimemtuma ng'ambo kwa boti akamlete shangazi yenu, na nimemtuma makusudi, kwa sababu nataka kumsema.

Nyumba ni ya mama yenu, asitokee mtu wa kumpimia vyumba. Kiwanja cha nyuma mgawane. Ugomvi wangu na jirani juu ya ule ukuta uishie hapa. Msalimieni, ila msianze nyinyi. Sasa tuje kwenye boti, maana ndiyo iliyowasomesha na ndiyo itakayowagombanisha.

Ile mashine inakunywa maji. Inayavuta kutoka nje kwa bomba la chini, yanapita kwenye chujio, yanaingia kwenye pampu, yanaipoza, kisha yanatokea nyuma pamoja na moshi. Mchanga ukivutwa humo unakula mpira wa pampu, unakwenda kujilundika kwenye njia nyembamba za ndani, na mashine inachemka huku nyinyi mnapiga soga. Kwa hiyo kabla hamjafika kwenye maji ya magotini zimeni, shikeni upondo, ule mti mrefu, sukumeni taratibu mpaka ufukweni. Abiria watanuna. Mimi waliniita Mzee Zima, wakasema nabana mafuta, nikaitikia jina, na mashine imezeeka vizuri kuliko mimi.

Chujio lisafishwe kila jioni, na koki ifungwe kwanza kabla ya kulifungua, la sivyo mtaoga bila kupenda. Binti yangu anajua. Mkwe wangu, wewe usiliguse. Nakupenda, umemtunza mwanangu, lakini sijasahau ulivyoliziba tundu la bomba kwa kipande cha chandarua ili mchanga usipite, ukanyamaza ili unishangaze. Ulinishangaza. Mchanga kweli haukupita, na maji nayo hayakupita, tukabaki katikati na bibi harusi na ukoo wake mzima, mashine imelala ndani ya chandarua na homa imeipata vilevile. Mama watoto, usinichekeshe, kifua kinauma.

Sasa kaka yenu. Yote niliyosema anayajua. Kinachomponza ni watazamaji. Akiona watu ufukweni anaongeza moto, boti ipande mchanga ikinguruma, na yeye kasimama na miwani yake ya jua, mtu mzima, baba wa watoto. Pampu alizoniulia sizitaji. Nimemsema mpaka nimechoka, ananiitikia vizuri sana, kesho yake anarudia. Wanangu, mashine si kitu, inanunuliwa. Naogopa siku itakayomzimikia kwenye mkondo, amejaza watoto wa shule, na mimi sipo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si ugonjwa huu. Ndiyo maana nimeamua: usukani ni wa binti yangu, kaka yenu akusanye nauli. Najua itamuuma. Mimi imeshaniuma.

Nipeni maji kidogo. Haya.

Hebu nyamazeni. Fungueni dirisha. Hiyo ni mashine yetu, hata nikiwa kaburini nitaijua. Anakuja, bado yuko kwenye kina, na kwa kelele hizo za nje ufukwe umejaa watu. Sasa anaingia kwenye maji mafupi. Zima, mwanangu. Zima. Watu wasikudanganye, zima basi...

Mmesikia? Kimya. Na huo ni upondo, unagonga ubavu wa boti.

Basi futeni nilichosema. Usukani washike kwa zamu, yeye na dada yake, na chujio libaki kwa dada. Nauli utakusanya wewe, mkwe wangu, hapo huwezi kuziba kitu. Pendaneni. Mama yenu asikose mtu wa kukaa naye jioni. Mungu awavushe salama, awarudishe salama, na kila mnayempakia afike kwao mkavu.

Mbona mnatazamana? Binti yangu, unataka kusema nini? Kwamba asubuhi tangi lilikuwa karibu tupu? Nyamaza, mama. Akiingia hapa asiulizwe kama amezima mwenyewe au mafuta yamemwishia. Asiulizwe leo, wala nikishaondoka. Mimi nimesikia nilichosikia, na kinanitosha.

Pumzi... inakuwa fupi. Nishikeni, niinueni kidogo nimwone akipanda ngazi. Mwiteni. Na msimsimamishe mlangoni kujifuta miguu. Aje na mchanga wake hivyohivyo.